Inchaji wa Wodi: Muuguzi, Msimamizi au Karani?

Kila mgonjwa anapofia wodini na ndugu zake wakadai hakuhudumiwa kwa wakati, mjadala hufuata njia ile ile. Wapo wanaomlaumu daktari, wapo wanaosema manesi wa siku hizi hawana wito, na wapo wanaopanda moja kwa moja hadi wizarani. Kiongozi akifanya ziara ya ghafla, mara nyingi huondoka ametoa agizo kwamba inchaji wa wodi ile aondolewe. Kabla ya siku hiyo wengi hawakujua kwamba cheo hicho kipo. Baada ya siku hiyo hakuna anayeuliza aliyerithi kiti amekuta nini mezani.

Mwananchi anapouliza nani anawajibika wodini, hupewa jibu lililoandikwa kwenye karatasi, na jibu hilo halifanani na hali halisi. Nyuma ya swali lake kuna jingine ambalo wakuu wa hospitali wamelivutania kwa miongo mingi, hapa na ng'ambo: muuguzi aliyekabidhiwa wodi ahesabiwe kuwa mmoja wa wanaohudumia wagonjwa, au aachiwe asimamie tu? Swali hili linaonekana la kiofisi, lakini matokeo yake yanamfikia kila aliyelazwa. Hapa tunaliangalia kwa hospitali za umma na za mashirika ya dini nchini Tanzania, tukipima pia yaliyowakuta waliotangulia.

Nani ni nani wodini

Kiongozi wa hospitali ni Mganga Mfawidhi. Upande wa uuguzi yupo Muuguzi Mfawidhi, ambaye watu bado wanamwita metroni, au patroni akiwa mwanamume. Chini yake, katika hospitali kubwa, wapo wasimamizi wa idara, na chini ya hao ndipo wanapokuja mainchaji wa wodi.

Kati ya wote wanaoingia wodini, inchaji ndiye asiyepita njia tu. Daktari bingwa hufanya raundi akaondoka. Daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo huhamia idara nyingine akishaanza tu kuizoea hii. Muuguzi wa zamu hukabidhi ripoti akaenda kulala. Inchaji ndiye anayepanga rosta, anayeomba dawa na vifaa famasi na stoo, anayehakikisha trei ya dharura imekamilika na mtungi wa oksijeni haujaisha, anayesimamia kuhesabiwa kwa mofini na dawa nyingine zinazodhibitiwa, anayeongozana na madaktari kwenye raundi kubwa, anayepokea wanafunzi wa uuguzi, anayesikiliza malalamiko ya ndugu, na anayeandika maelezo pale jambo linapoharibika. Analo pia jeshi ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya watumishi: ndugu wa wagonjwa. Hao ndio wanaoosha, wanaolisha, wanaogeuza mgonjwa aliyepooza na wanaokimbilia duka la dawa. Kuwaongoza, kuwatuliza na kuwatoa nje saa za kuona wagonjwa zikiisha ni kazi ambayo haijapata kuandikwa kwenye barua ya uteuzi ya mtu yeyote.

Jambo moja linalochanganya wengi ni tofauti kati ya inchaji wa wodi na kiongozi wa zamu. Inchaji wa wodi kwa kawaida hufanya kazi asubuhi, siku za kazi. Ndugu anayedai kumwona mkubwa saa nane usiku anakutana na kiongozi wa zamu, ambaye anaweza kuwa kijana aliyeajiriwa juzi, yuko na mwenzake mmoja na wodi imejaa. Huyo hana mamlaka ya kumwita muuguzi wa ziada kutoka nyumbani wala ufunguo wa stoo kuu. Lawama ya usiku humwangukia yeye, kisha asubuhi hupanda kwa inchaji ambaye hakuwapo.

Sheria nayo ina mkato wake. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, kila muuguzi ana leseni yake mwenyewe na hujibu mwenyewe mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa alichotenda au alichoacha kutenda. Kwa hiyo kosa la kitaaluma la muuguzi wa usiku halihamii kwenye leseni ya inchaji. Kiutawala linahamia, na barua ya kujieleza huandikiwa wote wawili.

Meza ilivyojaa

Mfumo wa wodi yenye muuguzi mmoja anayeimiliki ulitoka Uingereza. Mwaka 1860 Florence Nightingale alianzisha shule ya uuguzi katika hospitali ya St Thomas' jijini London, na kutoka huko ukasambaa mtindo wa dada mkuu wa wodi: anayejua kila mgonjwa, anayefundisha wanafunzi kwa kuwaonyesha, asiyekubali shuka lenye mkunjo. Wamisionari na serikali ya kikoloni waliuleta huku. Hospitali ya Princess Margaret iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1956, ambayo leo ndiyo Muhimbili, ilijengwa katika fikra hizo.

Mtindo huo ulifanya kazi kwa sababu dada mkuu hakuwa na karatasi nyingi za kujaza. Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Mwaka 1993 Tanzania ilianza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu, na wodi ikalazimika kujua nani amelipa nini. Miaka hiyo hiyo vikaja vitabu vya MTUHA vya kukusanya takwimu. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa mwaka 1999 na huduma zikaanza 2001, na kuanzia hapo kila glovu, kanula na chupa ya dripu aliyotumia mwanachama inapaswa kuandikwa, la sivyo hospitali hailipwi. Mwaka 2007 hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza mpango wa 5S wa Kijapani, ule wa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, ambao baadaye ulienea nchi nzima. Zikafuata kamati za kuzuia maambukizi, ukaguzi wa vifo, mfumo wa kielektroniki wa GoT-HoMIS, na tathmini ya utendaji ya OPRAS ambayo sasa imepisha PEPMIS.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho ni kibaya kikitazamwa peke yake. Bima inaleta fedha, takwimu zinaonyesha ugonjwa unaelekea wapi, na 5S imeokoa wodi nyingi zilizokuwa maghala ya vitanda vilivyovunjika. Tatizo ni kwamba kila mpango uliingia na fomu zake, na hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza ni fomu ipi iondoke ili hii ipate nafasi. Zote zikatua kwenye meza moja. Kompyuta zilitarajiwa kuipunguzia mzigo, lakini mahali pengi daftari halijaondoka: taarifa huandikwa kitabuni, kisha mtu yule yule huiingiza kwenye mfumo mtandao ukirudi.

Hesabu ya zamu

Mjadala huu wote ungekuwa mwepesi kama wauguzi wangetosha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa dunia ina wauguzi milioni 27.9 na pengo la milioni 5.9, na karibu asilimia 89 ya pengo hilo liko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Tanzania imo humo. Ikama ya hospitali inaweza kusema wodi iwe na wauguzi kadhaa, lakini ajira hutegemea kibali na fedha. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, uliowaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,900, ulipita pia wodini, na nafasi zilizoachwa wazi hazikujazwa siku ile ile.

Takwimu za dunia, hata hivyo, hazionyeshi ugumu wa rosta. Hilo linahitaji hesabu ndogo. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Ili pawepo muuguzi mmoja tu wodini mchana na usiku wiki nzima, wanahitajika karibu watu 4, na ukiweka likizo ya siku 28 kwa mwaka wanapita 4.

Chukua wodi ya vitanda 30 yenye wauguzi 8, inchaji akiwa mmoja wao, inayotaka angalau wauguzi 2 kila zamu. Inahitaji saa 336 za uuguzi kwa wiki. Watu 8 wana saa 360 kwenye karatasi, lakini likizo ikigawanywa kwa mwaka mzima zinabaki kama 332. Yaani wodi imeshapungukiwa kabla mtu hajaugua, hajafiwa, hajaenda masomoni wala hajajifungua, na likizo ya uzazi ni siku 84. Sasa mtoe inchaji kwenye hesabu ili asimamie tu. Zinabaki saa 291 hivi, na kila wiki saa 45 hazina mtu. Hizo ni zamu 5 au 6 ambazo muuguzi mmoja atakuwa peke yake na wagonjwa 30, au zaidi pale wanapolala mzungu wa nne.

Mabishano yote yanayofuata yanazunguka saa hizo 45.

Hoja ya kwanza: abaki kitandani

Wanaotaka inchaji ahudumie wagonjwa kama wenzake wana ushahidi mzito. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Waligundua kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2014 ulipata jibu linalokaribiana sana na hilo. California ilikuwa imeshapitisha sheria ya uwiano mwaka 1999, ikaanza kutekelezwa 2004, na katika wodi za kawaida muuguzi mmoja haruhusiwi kupewa zaidi ya wagonjwa 5. Kwa mizani hiyo, wodi yetu yenye wauguzi 2 kwa wagonjwa 30 haina anasa ya kumwacha mtu mmoja ofisini.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye majarida. Inchaji anayebandika kanula na kugeuza mgonjwa huona mwenyewe kidonda cha mgongo kinapoanza, na wauguzi wadogo hujifunza kwa kumtazama. Heshima yake wodini hutoka hapo. Wauguzi humsamehe rosta mbaya inchaji waliyemwona akikesha nao, wala si yule anayetokea kwenye raundi na kalamu tu.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inahesabu mikono na kusahau macho. Inchaji akiwa anamsimamia mgonjwa anayeongezewa damu, hawezi kuziacha zile dakika za mwanzo ambazo mwili ukikataa damu ndipo dalili huonekana. Wakati huo huo ombi la vifaa halijapelekwa stoo, mgonjwa wa kona anabadilika taratibu bila mtu kulinganisha vipimo vyake vya asubuhi na vya jana, na zamu inakabidhiwa kwa haraka huku watu wawili wakiongea kwa pamoja. Hakuna aliyefanya uzembe. Ila hakuna aliyekuwa anaitazama wodi nzima. Wodi yenye mikono mingi isiyo na mtu wa kuitazama inaweza kuua pia, na vifo vya namna hiyo huandikwa "hali ilibadilika ghafla".

Kisha kuna jambo ambalo wanaoshikilia hoja hii hawapendi kulisema: kazi ya usimamizi haiondoki kwa kumpangia inchaji wagonjwa. Anaifanya saa kumi jioni, au nyumbani, bila posho. Mfumo unaosimama juu ya saa zisizolipwa za watu wenye moyo husimama mpaka mtu huyo ahame.

Hoja ya pili: atolewe kwenye hesabu

Upande wa pili una ushahidi wa aina nyingine, uliotokana na msiba. Mapema mwaka 2013 Robert Francis aliwasilisha ripoti ya uchunguzi kuhusu hospitali ya Stafford nchini Uingereza, iliyokuwa chini ya taasisi ya Mid Staffordshire, ambako wagonjwa waliachwa bila maji, bila kusafishwa na bila kusikilizwa kwa miaka. Kati ya mapendekezo yake 290, moja liliwahusu mainchaji: wafanye kazi ya kusimamia, wasifungiwe ofisini, na wasihesabiwe kuwa sehemu ya wauguzi wa zamu isipokuwa kwenye dharura. Wales ilipitisha sheria yake ya idadi ya wauguzi mwaka 2016, na mwongozo wake unamweka mkuu wa wodi nje ya hesabu.

Pendekezo la Francis lina vichwa viwili, na wengi hulikata nusu. Alisema asihesabiwe, na papo hapo akasema asifungiwe ofisini. Uingereza ilikuwa na sababu ya kuonya. Kamati ya Salmon ya mwaka 1966 ilipanga ngazi za uongozi wa uuguzi ili wauguzi nao wawe na sauti kwenye utawala. Sauti ilipatikana, lakini muuguzi hodari alipandishwa akaondoka wodini, na ngazi ya mshahara ikawa ngazi ya kumkimbia mgonjwa.

Hatari hiyo kwetu ni kubwa zaidi. Inchaji aliyeachiwa muda hauweki mwenyewe mfukoni. Kuna kikao cha kamati ya ubora, semina ya mradi mpya, mgeni wa kupokea, ripoti ya robo mwaka inayotakiwa kabla ya saa sita. Muda usiolindwa kwa maandishi huliwa na vikao ndani ya mwezi mmoja. Matokeo yake ni kuwa wodi imepoteza mikono miwili na haikupata macho, hali mbaya kuliko ile ya kwanza.

Na bado lipo lile swali la saa 45. Wales na California zilikuwa na wauguzi wa kuajiri au fedha za kuwatafuta kwingine. Hospitali ya mkoa inayosubiri kibali cha ajira haina. Baadhi hujaza pengo kwa vijana wanaojitolea na wa mikataba mifupi, ambao huondoka wakipata ajira, yaani pale tu wanapokuwa wameiva.

Hoja ya tatu: karani wa wodi

Hoja ya tatu haiko kwenye majarida sana, lakini wauguzi wenyewe huitaja mara nyingi kuliko zile mbili. Inasema kwamba ugomvi kati ya kitanda na ofisi ni wa uongo kwa sehemu kubwa, kwa sababu nusu ya kazi inayomfungia inchaji ofisini haihitaji muuguzi kabisa. Kujaza fomu za bima, kuingiza taarifa kwenye kompyuta, kufuatilia faili lililopotea masjala, kupeleka maombi ya stoo, kupiga simu maabara, kuelekeza ndugu wa mgonjwa dirisha la malipo: yote yanaweza kufanywa na mtu mwenye cheti cha kidato cha nne aliyefundishwa miezi michache.

Nguvu yake iko kwenye bei. Karani hugharimu kidogo kuliko muuguzi, hupatikana haraka, na kwa wodi inayodai bima anaweza kujilipa mwenyewe kwa madai yaliyokuwa yanakataliwa kwa kukosa saini au kipimo. Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi zimelitambua hili mapema, kwa kuwa zinahisi hasara mfukoni mwezi huo huo.

Ina udhaifu pia. Nafasi ya karani wa wodi mara nyingi haimo kwenye ikama, hivyo mwajiri wa umma hutakiwa kutumia mapato ya ndani ya hospitali, ambayo hupanda na kushuka. Karani anashika siri za wagonjwa bila kiapo cha taaluma wala Baraza la kumwajibisha. Na pale anapokaa mlangoni mwa huduma, ni rahisi ageuke kuwa mtoza ushuru wa pili, jambo ambalo kila aliyewahi kuhangaika na faili hospitalini analielewa bila kuelezwa. Kasoro hizi zinarekebishika kwa mkataba, usimamizi na kuzungushwa vituo. Hazifanani na tatizo la kukosa muuguzi, ambalo huchukua miaka 3 ya stashahada au 4 ya shahada kulitatua.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutaka wodi iendeshwe na meneja asiye muuguzi. Uingereza ilijaribu njia hiyo kwa ngazi ya hospitali baada ya ripoti ya Griffiths ya 1983, na malalamiko kwamba uuguzi umepoteza sauti hayajakoma tangu hapo. Kwetu Katibu wa Afya tayari anabeba utawala wa hospitali. Kumshusha mfano wake hadi wodini ni kuongeza bosi ambaye hajui kwa nini mgonjwa wa kitanda namba 9 asihamishwe.

Nani anafaa kukalia kiti

Kuna ugomvi mwingine mdogo ndani ya huu. Mwenye shahada aliyeajiriwa karibuni anaingia kazini akiwa Afisa Muuguzi, na anakuta wodi inaongozwa na Afisa Muuguzi Msaidizi mwenye stashahada na uzoefu wa miaka 20. Nani amwongoze nani? Wanaotetea shahada huutaja ule utafiti wa Ulaya wa 2014, uliohusisha kuongezeka kwa wauguzi wenye shahada na kupungua kwa vifo. Wanautumia vibaya. Utafiti ule ulipima wauguzi waliokuwa wanahudumia wagonjwa, haukupima nani amekaa kwenye kiti cha inchaji. Ukifuatwa sawasawa, unasema wenye shahada wawe wengi kitandani.

Uzoefu nao hautoshi. Kujua kazi na kujua kugawa kazi ni stadi mbili, na wengi hukabidhiwa funguo kwa barua ya aya moja, bila mafunzo ya kupanga rosta, kusoma leja wala kuzungumza na mfanyakazi anayekuja amelewa. Mtu mwenye stashahada aliyefundishwa hayo anafaa zaidi ya mwenye shahada asiyefundishwa, na kinyume chake pia ni kweli.

Wajibu usio na mamlaka

Hoja zote tatu zinakwama mahali pamoja. Inchaji anaulizwa kwa nini wodi ina upungufu, lakini haajiri. Anaulizwa kwa nini muuguzi fulani ana lugha chafu, lakini chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 mamlaka ya nidhamu iko kwa mwajiri, na yeye anachoweza ni kuandika taarifa na kusubiri. Anaulizwa kwa nini glovu zimekwisha, wakati ombi lake limekaa stoo kwa sababu Bohari ya Dawa haijaleta. Muuguzi wake bora huhamishiwa idara nyingine, naye hupata habari anapoonyeshwa barua. Katika hospitali za mashirika ya dini anaongoza watu wanaofanya kazi moja huku baadhi wakilipwa na serikali na wengine na shirika, kwa masharti tofauti, na hana neno la kuwaambia kuhusu hilo.

Kuna pia suala la cheo chenyewe. Muundo wa utumishi unawatambua Maafisa Wauguzi kwa madaraja yao. Uinchaji wa wodi ni jukumu unalokabidhiwa, si daraja unalopandishwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuongoza wodi miaka 10 akapitwa mshahara na mwenzake asiyeongoza chochote, na akiomba kuachia kiti hakuna anachopoteza isipokuwa maumivu ya kichwa. Ndiyo maana wengi wazuri hukikwepa. Serikali ikitaka kujua kwa nini wodi nyingine zina mainchaji waliokata tamaa, iangalie nani alikataa uteuzi kabla yao.

Mamlaka pekee ambayo inchaji anayo kwa uhakika ni rosta. Kwa kuwa ndiyo pekee, hubebeshwa kila kitu: inakuwa zawadi, adhabu, na chanzo cha manung'uniko kuhusu nani anapewa usiku wa Krismasi na nani anapewa ofu ya Idi. Mfanyakazi asiyeweza kuonywa kwa utaratibu huonywa kwa kupangiwa zamu za usiku, na utoaji huduma usiku unakuwa mikononi mwa walioadhibiwa.

Mizani

Kwa wodi zenye wauguzi wachache kama ile ya mfano wetu, kumtoa inchaji kwenye hesabu leo ni kosa. Saa 45 zisizo na mtu zitalipwa na mgonjwa wa usiku, na hakuna ripoti ya Uingereza itakayomfidia. Lakini kumwacha abebe wagonjwa na makaratasi kwa pamoja, kama ilivyo sasa, ni kuchagua kwamba usimamizi hautafanyika na kisha kumwadhibu mtu kwa kutofanyika kwake. Njia ya tatu ndiyo inayopaswa kutangulia, kwa sababu ndiyo pekee inayorudisha saa za muuguzi bila kusubiri kibali cha kuajiri muuguzi.

Karani akishapatikana, asubuhi za siku za kazi inchaji aachiwe saa chache zilizoandikwa na kulindwa, kuanzia kukabidhiana zamu hadi raundi iishe, bila kupangiwa wagonjwa na bila kuitwa vikaoni. Wodi za wagonjwa mahututi, upasuaji na wazazi zianze, kwani huko mabadiliko ya dakika chache ndiyo yanayoamua. Kumwondoa kabisa kwenye hesabu kusubiri wauguzi waongezeke, na idadi ipangwe kwa mzigo wa kazi halisi, kama kipimo cha WISN cha Shirika la Afya Duniani kinavyotaka, badala ya idadi ya vitanda ambavyo tunajua vinalala watu wawili.

Mamlaka nayo yaende na wajibu. Asihamishwe muuguzi bila inchaji kusikilizwa. Onyo la kwanza la maandishi liwe mikononi mwake. Uinchaji uingie kwenye muundo wa utumishi ukiwa na posho yake na mafunzo kabla ya kukabidhiwa funguo. Mambo haya matatu ni ya waraka, hayahitaji jengo jipya, na wizara ikishirikiana na Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi inaweza kuyaandika.

Hospitali yenyewe haina haja ya kusubiri waraka kuanza jambo moja. Baada ya ripoti ya Francis, hospitali za Uingereza zilitakiwa kubandika wodini idadi ya wauguzi waliopangwa na waliopo kila zamu. Ubao wa namna hiyo kwenye mlango wa wodi zetu, ukionyesha wauguzi waliopo, wagonjwa waliolazwa na jina la kiongozi wa zamu, ungempa ndugu wa mgonjwa jibu la saa nane usiku kabla hajaanza kutafuta wa kumlaumu. Na kiongozi anayekuja kwa ziara ya ghafla ausome kwanza kabla ya kuuliza inchaji ni nani.